Godwine wa wafalme watatu

Ziweke picha tatu mezani, moja kando ya nyingine. Sarafu zote ni ndogo, upana wake kama milimita 20. Zote ni za fedha, na zote zina kichwa cha mwanamume anayetazama kushoto, fimbo ya ufalme ikiwa imesimama mbele ya pua yake. Ya kwanza inasema ZVEN REX AD DENER: Sven, mfalme wa Wadenmark. Ya pili, ONLAF REX NOR: Olav, mfalme wa Wanorwei. Ya tatu, OLVF REX AN ZITVN: Olof, mfalme aliyeko Sigtuna, mji wa Uswidi. Zigeuze. Utaona msalaba mfupi wenye herufi C, R, V, X katika pembe zake nne, na ukifuata maandishi ya ukingoni utalikuta jina la aliyeipiga.

GODPINE.

GODPINE.

GODPINE.

Hiyo inayofanana na P ni herufi ya Kiingereza cha kale iliyobeba sauti ya W. Godwine, basi. Wafalme watatu, falme tatu, kipindi kile kile cha karibu na mwaka 995, na mgongoni mwa kila sarafu jina la mpiga sarafu ni lile lile.

Kwa majuma kadhaa sasa jina hilo limegoma kunitoka kichwani. Fumbo la kwanza ni Godwine mwenyewe: ni nani, na alipataje kuwatumikia watu watatu waliokuwa wakiviziana? Lakini ukikaa na sarafu hizi, na maelfu zilizozifuata, Godwine anakufikisha kwenye swali gumu zaidi. Skandinavia ya wakati ule ilipima fedha kwa mizani. Bangili iliyokatwa, kipande cha waya, nusu ya dirhamu ya Samarkand, peni ya Kiingereza: vyote viliwekwa kwenye sahani moja, na uzito ndio uliokuwa bei.

Sasa pale ambapo mizani ndiyo inayoamua, sarafu inapigwa ya nini?

## Fedha iliyovuka bahari

Mwaka 994 Olav Tryggvason na Sven Tveskæg, wawili kati ya wale watatu, walifika London na merikebu 94. Mji haukuanguka, lakini mfalme Æthelred II wa Uingereza alikubali kuwalipa pauni 16,000 waondoke. Pauni moja ni peni 240, kwa hiyo kama malipo yote yangetolewa kwa peni, ni vipande 3,840,000. Miaka mitatu nyuma zilikwishatoka pauni 10,000. Kiasi kikazidi kupanda: 24,000 mwaka 1002, 36,000 mwaka 1007, 48,000 mwaka 1012, mpaka mwaka 1018 Knut, mwana wa Sven, akiwa sasa mfalme wa Uingereza, alipotoza 72,000, na London ikatoa 10,500 juu ya hizo.

Si kila peni iliyovuka ilikuwa ya malipo hayo. Biashara ilipeleka nyingi, na mishahara ya askari wa kukodiwa ikapeleka nyingine. Jumla yake ni kwamba ardhi ya Uswidi, kisiwa cha Gotland zaidi ya kwingine, imetoa makumi ya maelfu ya peni za Kiingereza. Za miaka hii ni nyingi kuliko zilizofukuliwa Uingereza kwenyewe.

Aina ya peni ya Kiingereza waliyoiiga wale wafalme watatu ndiyo iliyokuwa ikizunguka Uingereza wakati ule, kati ya mwaka 991 na 997 hivi. Wataalamu huiita Crux kwa sababu ya zile herufi nne. Walichagua peni ya mwaka huo, iliyokuwa bado inang'aa, wakaziacha za zamani.

Kuna jambo moja la Uingereza ambalo lazima libaki akilini. Tangu mageuzi ya mfalme Edgar, karibu mwaka 973, nchi yote ilitumia mchoro mmoja uliobadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila peni ilitaja jina la mpiga sarafu na mji wake. Jina hilo lilikuwa dhamana. Sheria ya Grately ya mfalme Æthelstan, aliyetawala kabla ya Edgar, iliamuru kwamba mpiga sarafu atakayekutwa na hatia ya kuchafua fedha akatwe mkono, na mkono huo utundikwe juu ya karakana yake. Uingereza, jina Godwine kwenye peni lilimaanisha kwamba yuko mtu anayeweza kushikwa.

Denmark na Norwei ya mwaka 995, nani angemshika, na kwa sheria ipi?

## Kazi ya nyundo

Hakuna namna ya kujadili sarafu hizi bila kujua zilivyopigwa, kwa sababu karibu kila ushahidi tulio nao umetoka kwenye ufundi.

Fedha iliyeyushwa kwenye chungu kidogo cha udongo, ikamiminwa iwe ufito, na ufito ukafuliwa juu ya fuawe mpaka ukawa bapa. Fedha inayofuliwa hukakamaa. Fundi asipoipasha moto kila baada ya muda ili ilainike, kingo zinapasuka, na sarafu yenye mpasuko uliotokea kabla ya kugongwa inajulikana: maandishi yanakatika penye ufa, lakini mistari ya pande zote mbili inaendelea sawasawa. Kisha bapa hukatwa vipande vya mraba kwa mkasi, na pembe zikapunguzwa hadi mviringo upatikane. Kipande chembamba kupita kiasi hutoboka sura: unaona kivuli cha msalaba shavuni mwa mfalme. Kinene kupita kiasi hupata chapa katikati tu, kingo zikabaki tupu.

Mihuri ya kugongea chapa ni miwili. Wa chini una mkia uliochongoka unaopigiliwa kwenye gogo, na kwa kawaida ndio wenye kichwa cha mfalme. Wa juu hushikwa kwa mkono, na ndio unaopokea nyundo. Kwa hiyo wa juu huchoka haraka, hupasuka, hubadilishwa, huku wa chini ukiendelea na kazi. Muhuri mmoja wa kichwa unaweza kuoana na mihuri kadhaa ya msalaba. Likumbuke hili, tutalihitaji.

Herufi hazikuchongwa kwa mkono huru. Fundi wa Kiingereza alikuwa na vyuma vichache vya kugongea: kimoja kinaacha mstari, kingine kabari, kingine mwezi mchanga. Miezi miwili ikitazamana ni O. Mstari mrefu na kabari tatu ni E. Ukizoea, unaweza kumtambua fundi kwa vyuma vyake kabla hujasoma neno hata moja.

Hapa pana kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa jinsi linavyosema kweli. Sarafu ni kinyume cha muhuri wake. Ukitaka kichwa kitazame kushoto kwenye sarafu, lazima ukichonge kikitazama kulia kwenye muhuri, na maandishi uyachonge kinyumenyume. Fundi anayejua kusoma hufanya hivyo bila kuambiwa. Asiyejua huiweka peni mbele yake na kunakili anachokiona. Akigonga, sarafu inatoka na mfalme anayetazama kulia na herufi zinazokimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Akija mwingine akanakili hiyo kwa njia ile ile, mwelekeo unarudi kuwa sahihi, ila herufi sasa zimepita mikono miwili na zimepoteza miguu na matumbo. Kwa hiyo sarafu inayotazama upande sahihi yenye maandishi yasiyosomeka inaweza kuwa imetoka mbali zaidi na chanzo kuliko ile iliyogeuka.

Sasa zirudie zile tatu za Godwine.

Hazina kosa hilo. Jina la mfalme limewekwa upya, la nchi limewekwa upya, na upande wa pili umebadilishwa kufuata: wa Sven unasema GODPINE M-AN DNER, Godwine mpiga sarafu kwa Wadenmark. Aliyeandaa maneno haya alijua kusoma, alijua kifupisho cha Kiingereza cha mpiga sarafu, na aliujua mpangilio wa peni kiasi cha kuurekebisha bila kuuharibu.

## Mmoja, watatu, au hakuna

Godwine lilikuwa jina la kawaida mno. Chini ya Æthelred wapiga sarafu wa jina hilo walikuwapo katika miji mbalimbali ya Uingereza. Kwa hiyo zipo njia tatu. Mtu mmoja alipita kwa wafalme wote watatu. Au watu tofauti wenye jina moja waliajiriwa kila mmoja kwake. Au jina lilinakiliwa kutoka kwenye peni iliyotumika kama kielelezo, na kwa upande wa pili wa bahari halikumtaja mtu yeyote.

Njia ya kwanza inavutia, na ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mimi nasita. Sarafu za Sven na za Olav ni chache mno, mihuri michache tu, kazi ya muda mfupi ambayo fundi mmoja angeimaliza akaondoka. Hilo linaruhusu safari, ila halithibitishi. Njia ya tatu nayo ina ugumu wake: mtu aliyeweza kuubadilisha mji na ufalme angeshindwaje kulibadilisha jina?

Ninachokiona ni kwamba swali lenyewe lina majibu tofauti kwa mahali tofauti. Denmark na Norwei, jina lingeweza kuwa sehemu ya umbo: peni kamili ina kichwa, msalaba, mfalme, na mpiga sarafu, basi aandikwe mpiga sarafu. Sigtuna ni habari nyingine. Pale kazi iliendelea. Mihuri ni mingi, na majina mengine ya Kiingereza yanajitokeza baadaye. Jina linapobadilika kutoka muhuri hadi muhuri, kuna mtu nyuma yake.

Na Sigtuna ndipo mahali ambapo karakana imeonekana. Mwaka 1990, katika uchimbaji wa kiwanja kinachoitwa Urmakaren, mabaki ya shughuli za kupiga sarafu yalipatikana pamoja na ukanda wa madini ya risasi wenye chapa za muhuri. Kila sonara ataelewa matumizi yake. Risasi ni laini, haihitaji moto, haigharimu kitu. Fundi akimaliza kuchonga, hugonga muhuri kwenye risasi na kuusoma ukiwa umegeuka upande wake sahihi. Herufi ikiwa imesahaulika, huiona kabla fedha haijapotea. Watu wanaojaribu mihuri yao kwenye risasi ni watu wanaojali kilichoandikwa.

Wanajali, na tena wana la kusema. Sarafu za Olof zinaongeza maneno ambayo peni ya Kiingereza haikuwa nayo. Baadhi zina IN NOMINE DNI, kwa jina la Bwana. Nyingine zinaiita Sigtuna mji wa Mungu, kwa kifupi SIDEI. Mapokeo yanauweka ubatizo wa Olof huko Husaby yapata mwaka 1008, miaka zaidi ya kumi baada ya sarafu za kwanza. Ama alikuwa amekwisha kuwa Mkristo mapema kuliko mapokeo yanavyosema, ama alijitangaza kwa lugha ya wafalme wa Kikristo kabla ya kuingia majini. Kwa vyovyote, sarafu ilitangulia kutamka.

Kwa wafalme hawa watatu, basi, jibu la swali langu linaanza kuonekana. Peni ya mwaka 995 haikupigwa ili kununua samaki. Mfalme alikuwa na watu wa kuwalipa, watu waliokuwa wamepita Uingereza wakaona mfalme halisi anavyoonekana kwenye fedha. Kuwapa mkononi kitu chenye umbo lile lile, lakini chenye jina lake, ni kuwaambia kwamba naye yumo.

Ningekuwa nimeridhika hapo, kama si zile zilizofuata.

## Maandishi yanapovunjika

Yapata mwaka 997 Uingereza ilibadilisha mchoro. Fimbo ikaondolewa, na msalaba wa mgongoni ukarefushwa mpaka ukingoni. Aina hii, inayoitwa Long Cross, ndiyo iliyoigwa kuliko zote huko kaskazini, na ndiyo iliyonivuruga.

Kwa sababu hapa majina yanapotea. Sven hayupo, Olav alikufa vitani Svolder mwaka 1000, na kwenye sarafu nyingi Olof naye hayupo. Badala yao anarudi Æthelred, lakini Æthelred aliyevunjika: herufi za jina lake zinabadilishana nafasi, N inasimama mahali pa R, kisha zinabaki nguzo tupu zilizopangwa kuzunguka kichwa, I I I I, na hapa na pale mwezi mchanga kama kumbukumbu ya herufi. Hakuna mfalme anayejitangaza hapa. Hakuna mji.

Mtu akiona kitu hiki husema haraka: bandia. Neno hilo siliungi mkono. Bandia hupigwa ili mpokeaji asijue. Ina shaba ndani na ngozi ya fedha juu, na huandikwa kwa uangalifu kuliko halisi, kwa sababu maisha ya mwenye nayo yanategemea herufi zile. Hizi ni kinyume kabisa. Maandishi ni ovyo, fedha ni nzuri. Aliyezipiga hakujificha, wala hakupunguza kitu.

Jambo kama hilo lilitokea Ireland pia. Mfalme Sihtric wa Dublin alianza yapata mwaka 997 kwa peni safi zenye jina lake na la mji wake, DYFLIN, na baada ya miongo michache maandishi ya Dublin nayo yakageuka kuwa mistari. Ila Dublin uzito nao ulishuka na kuendelea kushuka. Njia za hawa na wale zilianza pamoja zikaachana.

## Mnyororo wa mihuri

Aliyezipanga sarafu hizi mpaka zikaeleweka ni Brita Malmer wa Uswidi, kwa kazi mbili kubwa, ya mwaka 1989 kuhusu Sigtuna na ya mwaka 1997 kuhusu sarafu za namna hii za hadi mwaka 1020 hivi. Njia yake ni rahisi kuieleza na inachosha kuitenda.

Sarafu mbili zikipigwa kwa muhuri mmoja, kwa kawaida zimetoka karakana moja. Sarafu ya kwanza ina kichwa A na msalaba 1. Ya pili ina kichwa A na msalaba 2. Ya tatu ina kichwa B na msalaba 2. Basi A na B vimekaa meza moja, hata kama havifanani hata kidogo. Endelea hivyo kwa maelfu ya vipande, na mihuri inajipanga katika minyororo mirefu.

Kazi yote iko katika kuamua kama muhuri ni ule ule, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Usiangalie sura ya jumla. Fundi mmoja anaweza kuchonga vichwa kumi vinavyofanana kama mapacha. Angalia nafasi: mguu wa R umegusa duara la ndani au umekoma kabla? Ncha ya msalaba inaelekea katikati ya herufi ipi? Mstari wa mwisho wa nywele ukiunyoosha unaangukia wapi? Chagua alama tatu zilizo mbali na nyingine, uzipime kwenye sarafu zote mbili. Zikikubaliana zote, muhuri ni mmoja. Moja ikikataa, tafuta sababu kabla ya kuamua, kwa kuwa nyundo iliyoruka mara mbili husogeza upande mmoja wa picha na kuuacha mwingine. Uchakavu hula mistari myembamba kwanza na kuziacha kabari. Na muhuri uliochoka mara nyingine ulichongwa upya palepale, ukapata nywele mpya juu ya mashimo ya zamani.

Nyufa ni zawadi. Ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama uzi ulioinuka, na haurudi nyuma. Sarafu isiyo na uzi huo ilitangulia, yenye uzi mfupi ikafuata, yenye uzi mrefu ikaja mwisho. Kwa njia hiyo unapata mpangilio wa siku za kazi za karakana ambayo haikuacha hata barua moja.

Minyororo hii ndiyo iliyoleta jambo ambalo lilibadilisha namna ninavyoutazama mkusanyiko mzima. Ndani ya minyororo ya sarafu zisizosomeka, katikati ya nguzo na miezi, inatokea mihuri safi kabisa. Æthelred kamili, herufi zimenyooka, vyuma vya kugongea ni vya Uingereza. Ni mihuri halali ya Kiingereza, iliyovuka bahari na kuoanishwa na misalaba iliyochongwa na mtu asiyejua kusoma. Mihuri ya aina iliyokwisha muda wake ilipaswa kutoweka Uingereza, na baadhi yake ikatokea Skandinavia.

Maana yake ni kwamba uzuri wa kazi hauthibitishi ni wapi ilifanyika. Peni nzuri inaweza kuwa ya Skandinavia, na ni mnyororo tu utakaoisema. Herufi za mji nazo zina mtego: London iliandikwa LVND, na Lund, ambako Knut alipiga sarafu zake za Denmark, nayo iliandikwa LVND. Ukitegemea kusoma peke yake, utaupeleka mji mmoja kwenye nchi ya mwingine.

Na kuna la zaidi. Fundi aliyekuwa na muhuri kamili wa Kiingereza kwenye gogo lake alikuwa na kielelezo bora mbele ya macho kila siku. Bado msalaba wake hausomeki. Hakukosa cha kunakili. Hakuna aliyemdai herufi.

## Sahani ya mizani

Pima vipande vyenyewe. Peni za Uingereza za Long Cross zilianza kwenye gramu 1.75 hivi, zikashuka kadiri aina ilivyozeeka, kwa mpango uliosimamiwa. Zile za Sigtuna na ndugu zake hazina mpango wa namna hiyo. Nyingine hazifiki gramu moja na nusu, nyingine zinapita tatu. Sigtuna ilifikia hatua ya kuacha kuzikata pembe kabisa: sarafu za mraba, kama zilivyotoka kwenye mkasi, zikiwa na duara la Long Cross katikati.

Ukifikiri kama mtu wa kuhesabu vipande, huu ni uzembe usiovumilika. Ukifikiri kama mtu wa mizani, hakuna kasoro. Marki moja, kipimo cha uzito cha kaskazini, ilikuwa karibu gramu 200, ikagawanyika katika öre nane. Mfanyabiashara alibeba mizani ya kukunja na mawe madogo ya shaba yenye pande zilizokatwa. Aliyedaiwa öre moja alirundika vipande mpaka sahani ikalala sawa, na kipande kizito kilipunguza tu idadi ya vipande vyepesi. Kupunguza pembe za mraba kungekuwa kupoteza saa za fundi kwa jambo lisiloongeza chochote.

Uzito hausemi kama fedha ni safi, na hilo wanunuzi waliliangalia wenyewe. Peni zilizopita kaskazini zina alama ndogo za ncha ya kisu, wakati mwingine nyingi mno. Fedha nzuri ni laini, kisu kinazama na kuinua utepe mdogo. Iliyochanganywa sana na shaba inakataa. Nyingine zilikunjwa na kunyooshwa, maana madini mabovu huvunjika. Peni zilizobaki Uingereza kwa kawaida hazina makovu haya, kwa kuwa kule jina la mpiga sarafu ndilo lililokuwa likiwajibika.

Basi narudi kwenye swali. Kwa nini kupiga, kama kila mtu anapima na kuchoma kisu?

Jibu langu ni kwamba tunaita kwa jina moja, uigaji, mambo mawili yasiyo na uhusiano mkubwa. Wafalme wa mwaka 995 waliiga ili watajwe. Karakana za baada yao ziliiga ili fedha ikubalike haraka. Bangili iliyokatwa inahitaji kuchunguzwa kote. Kipande chembamba cha gramu moja na nusu chenye kichwa na msalaba mkono unakifahamu: unene wake hauwezi kuficha kitu, ukubwa wake unafaa malipo madogo, na kwa miaka mingi vipande vya umbo hilo vimekuwa fedha nzuri. Ni kama pakiti ya sukari ya duka: mnunuzi bado ataiweka kwenye mizani, lakini anajua kilichomo kabla ya kukifungua. Kwa kazi hiyo, maandishi ni pambo la ukingoni. Nguzo kumi na nane zinatosha.

## Mfalme anapotaka kuaminiwa

Umuhimu wa mgawanyo huu unaonekana vizuri Norwei, nusu karne baadaye. Harald Hardråde, aliyetawala kuanzia mwaka 1046 hadi alipouawa Uingereza mwaka 1066, alitaka sarafu ihesabiwe na si kupimwa. Aliifanya ya kwake itawale nchini, na humo ndani akaongeza shaba mpaka fedha ikabaki kama theluthi moja. Masimulizi ya Iceland yanamtaja Halldór Snorrason, aliyekuwa mtumishi wake wa miaka mingi, akipokea ujira wake wakati wa sikukuu za Jól, yaani Krismasi. Akaziangalia sarafu katika pindo la joho lake, akaona hazina usafi, akalipiga pindo kwa chini kwa mkono wa pili, zote zikamwagikia kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni. Halldór hakusoma jina la Harald lililoandikwa pale. Alifanya alichofanya kila mtu wa mizani: aliitazama fedha.

Harald alishinda hata hivyo. Kuelekea mwisho wa utawala wake peni za kigeni zinaanza kutoweka kwenye hazina zilizofukiwa Norwei, na za mfalme zinashika nafasi yao. Alifanikiwa kwa shaba pale ambapo Olav Tryggvason, na fedha yake nzuri na Godwine wake, aliacha vipande vya kuhesabika tu.

Uswidi ilienda njia nyingine. Anund Jakob, mwana wa Olof, aliendelea kupiga Sigtuna kwa mifano ya Knut, na mpiga sarafu wake sasa ana jina la kaskazini, Thormod. Yapata mwaka 1030 kazi ikasimama. Hakuna mfalme wa Uswidi aliyepiga tena kwa zaidi ya karne moja, mpaka wakati wa Knut Eriksson. Peni za Kijerumani ziliendelea kuingia kwa wingi, za Kiingereza zikaja mpaka katikati ya karne, watu wakazipima, wakazichoma kisu, wakafukia akiba zao kama kawaida, na karakana ya Sigtuna haikufunguliwa.